Wenda kwa nani?

Jumapili moja baada ya Magharibi tulikuwa tumekaa barazani kwa jirani yetu, Kibokoni, Mombasa, tukinywa kahawa, mara akatokea kichochoroni msichana wa Kimarekani ambaye nyumba ile ilimpokea kwa miezi mitatu ya masomo yake ya Kiswahili. Tangu Ijumaa hakuonekana. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimegeuka rangi ya tofali: vumbi la Tsavo, lile lisilotoka hata ulisugue kwa sabuni ya kipande. Akatuamkia, akavua viatu, akaketi mkekani, na kwa Kiswahili chake chenye ngeli zilizonyooka kuliko zetu akatueleza kwamba yeye na wenzake wawili walikuwa Taveta, wamekwenda kuliona Ziwa Chala. Alikunja viganja vikawa kama bakuli ili tuelewe: ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano, kingo zimesimama kama kuta, maji yako chini kabisa, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita humo humo majini. Maji yenyewe hupita chini ya ardhi yakitoka Kilimanjaro.

"Nyinyi mlipokwenda," akauliza, "maji yalikuwa na rangi gani?"

Tulikuwa watu watano. Ukijumlisha umri wetu unapata karne mbili na ushei, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika. Mzee wa nyumba aliendesha lori la mizigo hadi Kampala kwa miaka mingi. Voi ameipita mara asizoweza kuzihesabu, na hajakata kushoto hata siku moja. Alitafuta jibu kidogo, akasema, "Kushoto huko sikuwa na mtu."

Tukacheka, lakini jibu lile nililala nalo. Kwa sababu ni jibu la Mji wa Kale mzima.

Kwetu sisi kutembea ni kwenda kwa mtu. Lamu twenda, kwa sababu ya Maulidi na kwa sababu kuna binamu Langoni. Malindi ni harusi, Tanga ni matanga, Dar es Salaam ni kumuuguza shangazi, Muscat na Dubai ni kwa kaka aliyepata kazi. Hata Jumapili jioni tukiteremka Mama Ngina, pale Lighthouse, kula mihogo na kunywa madafu, nusu ya raha ni kujua tutakutana na nani. Mahali pasipo na mtu wetu, sisi hatupahesabu kuwa ni mahali. Ni njia tu ya kupitia.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo hadi nilipokwenda kusoma Pune, nchini India, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati ule vijana wengi wa pwani waliokosa nafasi katika vyuo vikuu vya hapa, au waliopata lakini si katika somo walilolitaka, walielekea Pune, Bangalore, Mysore na Hyderabad. Karo ilikuwa nafuu na darasani tulisomeshwa kwa Kiingereza. Pune tuliwakuta Wasudani, Wairani, Wayemeni, Watanzania, kila kundi na mkahawa wake. Siku tano za wiki zilipita kwa masomo. Jumamosi na Jumapili ndizo zilizotushinda. Huna harusi ya kwenda, huna mgonjwa wa kumzuru, hakuna anayekutuma dukani. Wikendi yangu ya kwanza nilifua nguo zote nilizokuwa nazo, hata zilizokuwa safi.

Ndipo msichana mmoja wa Kizanzibari, aliyetutangulia mwaka mmoja, akasema, twendeni Mahabaleshwar. Nikampigia mama simu kuomba ruhusa. Wanaoikumbuka India ya miaka ile watavikumbuka vile vibanda vya njano vilivyoandikwa STD, ISD, PCO, na ile mashine juu ya mlango inayokuhesabia pesa kwa taa nyekundu huku unazungumza.

"Mwanangu, wenda kwa nani huko?"

"Siendi kwa mtu, mama. Nakwenda kuona mlima."

Kimya. Taa nyekundu zinahesabu.

"Mlima wa nani?"

Nilikwenda. Basi jekundu la serikali liliondoka stendi ya Swargate alfajiri, kwa nauli isiyofika bei ya sahani mbili za biriani, na baada ya mji wa Wai likaanza kuupanda ukingo wa Pasarni. Mtoto wa kisiwani hajui kona. Kwetu barabara ikipinda, inakwepa nyumba ya mtu au inafuata bahari. Pale barabara ilikuwa ikijirudia yenyewe, kila ukigeuka unaliona bonde ulilolipita likizidi kuzama, na dereva anapiga honi kabla ya kila pindo kama mtu abishaye hodi. Wawili kati yetu walitapika. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili, naona aibu kwa furaha niliyokuwa nayo.

Juu ya ukingo ule kuna Panchgani, mji mdogo wa shule za bweni. Huko ndiko alikopelekwa, akiwa na miaka kama minane, mtoto mwingine wa kisiwa: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Alisoma St. Peter's, na bendi yake ya kwanza, The Hectics, aliiunda pale pale na wanafunzi wenzake. Nimewahi kumfikiria mtoto yule, kutoka kwenye joto la Mji Mkongwe na harufu ya karafuu hadi kwenye bweni la mlimani lenye ukungu, bahari iko siku nzima ya safari. Ila hata yeye alikuwa na wa kwao Bombay, nyanya na shangazi. Sisi hatukuwa na nyanya.

Mahabaleshwar yenyewe iko kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya ajabu: kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 5,000, hali Mombasa tukipata 1,000 tunalalamika kuwa Makadara imefurika. Lakini sisi tulifika Januari, jua limetulia, baridi ya kuvaa sweta, na karibu na mji tukalikuta Ziwa Venna lililochimbwa na watawala wa Satara katika karne ya 19. Si ziwa kubwa. Mtu wa Kisumu angelicheka. Pembeni mwake palikuwa na farasi wa kukodi na mashua za kupiga makasia, na wanawake wamechuchumaa nyuma ya majiko ya makaa wakichoma mahindi. Nikanunua moja. Yule mama akachukua nusu ya ndimu, akaichovya katika sahani ya chumvi na pilipili ya unga, akaisugua juu ya punje kutoka ncha hadi kikonyo, akazungusha, akasugua tena. Nikauma. Ilikuwa ladha ya Lighthouse, vile vile bila kupungua kitu. Nililia, na pilipili ikanifichia siri.

Usiku ndio ulioharibika. Nyumba ya wageni tuliyokuwa tumeiona mchana, yenye nafasi tele, ilipoona pasi zetu jioni ikawa haina chumba. Mgeni wa nje huko huandikiwa fomu ya polisi, na wako wenye nyumba wasiotaka usumbufu. Na wako, tuseme ukweli, wasiotaka Waafrika. Tulijaribu ya pili, ya tatu. Saa mbili za usiku tulikuwa tumerudi kando ya ziwa na mabegi yetu, kwa kuwa hatukujua pengine pa kwenda, na yule mama wa mahindi alikuwa akizima makaa. Kihindi chetu kilikuwa cha sokoni na chake kilikuwa cha Kimarathi. Alitutazama wanne, akahesabu kwa kidole, akanyanyua kapu lake na kutuashiria tumfuate. Tulilala kwenye sakafu ya nyumba ya ndugu yake, chini ya mablanketi yenye harufu ya moshi, na asubuhi tulipewa chai ya tangawizi ambayo ningeapa imepikwa Kuze.

Baada ya hapo karibu kila wikendi ya pili tulikuwa njiani. Lonavala tulikwenda kwa treni ya kawaida ya abiria, saa moja na kitu kutoka Pune, na kutoka hapo tulipanda hadi kwenye mapango ya Karla, ambako watawa wa Kibuddha walichonga ukumbi ndani ya jabali zaidi ya miaka 1,900 iliyopita. Dari lake bado lina mbavu za mbao za msaji, mti ule ule uliokuwa ukivuka bahari kwa majahazi kuja kujengea pwani yetu. Kwenye ngome ya Sinhagad tulipanda kwa miguu, Jumapili alfajiri, pamoja na nusu ya mji wa Pune, kisha tukala bajia za vitunguu na mikate ya mtama huku miguu inatetemeka. Ngome ile ilinifundisha kitu kimoja kidogo: wale watu hawakuwa watalii. Walikuwa makarani, walimu, vikongwe waliovaa sari na raba. Walipanda, wakala, wakateremka, Jumatatu wakaenda kazini. Hawakuwa na mtu juu ya mlima.

Najua milima ya mapumziko ina historia yake chafu. Mahabaleshwar ulikuwa mji wa Waingereza wa Bombay wa kukimbilia joto. Serikali yao nzima ilipanda nao msimu wa kiangazi, na Waafrika wa huku wanaijua hadithi hiyo kwa upande wao. Lushoto, ambayo kutoka hapa ukivuka Lungalunga na kupita Tanga unaifikia kwa siku moja, Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, wakaipenda kwa kuwa hewa yake iliwakumbusha kwao. Baridi ilikuwa mali ya bwana. Joto, chumvi na mbu vilikuwa vyetu. Sasa, Wahindi waliichukua milima yao wakaifanya ya familia. Kwetu sisi, wakoloni waliondoka, nayo milima tukaiacha pale pale ilipokuwa, kana kwamba bado ina mwenyewe.

Na haikuwa hivyo zamani. Johannes Rebmann anapotajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro, mwezi Mei mwaka 1848, husahaulika kwamba alitoka Rabai akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani, kiongozi wa misafara aliyezijua njia za Taita na Uchaga kabla mgeni yule hajajua hata kuitamka Mvita. Wazee wetu walipanda. Walikuwa na shughuli, ndiyo: pembe, nguo, shanga. Lakini walikuwa na majina ya vilima vyote vile vinywani mwao. Leo ukimuuliza kijana wa Mkanyageni milima ya Taita iko wapi atakuonyesha kwa mkono upande wa bara, mkono wote, kama aonyeshaye mawingu.

Nayo milima hiyo imo majumbani mwetu. Sehemu ya maji ya bomba ya Mombasa, siku yanapotoka, hutoka Chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo, na Mzima hulishwa na mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu ikachujika katika miamba ya volkano. Bomba hilo lipo tangu miaka ya 1950. Kabichi na nyanya tunazochagua Marikiti na Kongowea, nyingi huteremshwa usiku kutoka Wundanyi. Tunakunywa mlima, tunakula mlima, na hatuujui.

Tangu mwaka 2017 hata sababu ya umbali imeondoka. Treni ya SGR inayosimama vituo vya njiani hukutoa Miritini asubuhi ikakuweka Voi kwa kama saa mbili hivi, na kwa bahati nzuri unawaona ndovu dirishani. Kutoka Voi unapanda matatu hadi Mwatate, na kutoka Mwatate barabara inaanza kupinda kuelekea Wundanyi. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Msitu wa Ngangao una ndege wasiopatikana popote duniani ila katika vilima hivyo. Yote hayo yako karibu nasi kuliko Lamu, ambako tunakwenda bila ya kufikiri.

Ukiitazama treni hiyo Desemba utaelewa ninalolisema. Inateremka imejaa, inapanda ina nafasi. Nchi nzima inakuja kwetu kupumzika na sisi tunaisubiri stesheni. Matangazo yote ya likizo humwambia mtu wa bara aje pwani. Sijaona hata moja linalomwambia mtu wa pwani apande. Tumekuwa wenyeji mpaka tumesahau kuwa wageni, na kuwa mgeni ni ustadi, mtu huupoteza asipoutumia. Usipoupata nyumbani utakwenda kuupata Pune, Istanbul au Kuala Lumpur, ambako vijana wetu wa sasa wanasoma na kutuma picha za theluji na maziwa ya milimani. Watoto ambao hawajawahi kuliona Ziwa Jipe.

Nimezungumza jambo hili na wazazi, na najua wanayonijibu. La kwanza ni pesa. Nalikubali kwa baadhi, ila si kwa wote; nimehudhuria harusi ambazo pazia la ukumbi peke yake lingepeleka familia tatu Taveta na kuzirudisha. La pili ni mabinti. Hapo ninanyamaza kidogo, kwa sababu na mimi ni mama. Hofu ya mzazi wa Mji wa Kale kumwachia binti alale mahali asipopajua si ujinga, na heshima yetu ina kanuni zake. Lakini nikikumbuka vizuri, wale mabinti tuliopanda nao Sinhagad walikuwa na mama zao. Binti aende na kaka yake, aende na shangazi, aende na darasa zima la madrasa na ustadhi wao. Ajue tu kwamba ipo siku mtu hutoka nyumbani bila ya kutumwa.

Maana hilo ndilo nililolipata kule, kuliko mandhari. Ukiwa Kibokoni wewe ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Ukipita Ndia Kuu saa tano, saa sita mama ana habari umevaa nini. Nalipenda hilo, nimerudi kwa ajili yake. Lakini nilipokuwa na miaka 20, nimesimama juu ya ukuta wa ngome ambako hakuna aliyeijua nasaba yangu, upepo unaivuta mitandio yetu kama tanga, kwa mara ya kwanza nilisikia kimya kisichomsubiri mtu.

Mwaka juzi nikamchukua mama. Ilinichukua miezi kumshawishi, na hadi asubuhi ya safari alikuwa anauliza kama kuna mtu wa kumpelekea halua. Akaifunga tu ratili moja, akaitia mkobani, "huenda ikahitajika." Njia ya kupanda kutoka Mwatate aliipanda amefumba macho, anasoma Kursiyyu. Wundanyi tulipata vyumba safi. Baada ya Alasiri tukatoka, amejifunga shali langu la Pune juu ya buibui, tukatembea taratibu mpaka mahali ambapo bonde linafunguka: mashamba ya ngazi, migomba, moshi wa majiko, na mbali chini tambarare ya Tsavo imelala nyekundu hadi macho yanapoishia. Alisimama muda mrefu. Nikadhani amependa.

"Kwani hapa," akasema kwa sauti ya chini, "tumekuja kwa nani?"

"Kwa mlima, mama."

Akanitazama kama atazamavyo bei ya samaki. Kisha akaniacha, akavuka barabara kwenda kwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akipanga kabichi juu ya gunia. Niliwaona wakisalimiana. Nikaona mama anaigonga kabichi kwa kidole, anauliza. Nilipowafikia walikuwa wamekwisha kugundua kwamba kabichi za yule mama huteremshwa Marikiti, na kwamba dada yake ameolewa Changamwe, nyuma ya msikiti ambao mama anaujua imamu wake. Halua ilikuwa imefunguliwa, na kijana mmoja aliitwa aje kuingiza namba ya simu, kwa sababu wote wawili hawakuwa na miwani.

Tulipoteremka kesho yake mama alikaa upande wa dirisha, kabichi mbili mapajani, na safari hii macho yake yalikuwa wazi. Kwenye pindo la tatu au la nne akanigusa goti.

"Tukija tena," akasema, "hatulali pale hotelini. Yule bibi amesema twende kwake."